Ufa wa gereji

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Ile sakafu ya gereji tuliyopaka epoksi (utomvu wa viwandani unaokauka ukawa mgumu) imepata ufa, kutoka mlangoni mpaka katikati. Mwezi uliopita niliuziba kwa saruji nyeupe. Leo imebanduka yote kama ganda la yai 😩

Mjomba Hamisi: Marahaba. Saruji haishiki kwenye epoksi, mwanangu. Ukipitisha kucha inanasa?

Zuhura: Inanasa. Kadi ya simu inazama hadi nusu.

Idi: Piga silikoni, dakika tano umemaliza.

Mjomba Hamisi: Idi, silikoni ikishagusa sakafu hakuna rangi itakayokaa hapo tena. Hata ukiikwangua, utelezi wake unabaki.

Zuhura: Basi ninunue epoksi ya kuzibia? Muuzaji kasema ndiyo ngumu kuliko zote.

Mjomba Hamisi: Ugumu huohuo ndio shida kama ufa bado unatembea. Huo umetoka kwenye zege chini, si koti la juu tu. Zege linatanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, epoksi haivutiki. Itaachia ukingoni, au utapata ufa mpya kandokando ya ule wa zamani. Ufa uliotulia, sawa, epoksi ndiyo dawa: mwembamba unamiminia ile nyepesi ijipenyeze yenyewe, mpana unachanganya na mchanga mkavu. Ufa ulio hai unataka poliyurethani au poliyurea, zinavutika kama mpira.

Shangazi Rukia: Ufa nao una uhai? Makubwa!

Mjomba Hamisi: Tutajua. Zuhura, gundisha kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, kila upande kishikwe na epoksi kidogo. Andika tarehe. Kikikatika, unatembea.

Shangazi Rukia: Kioo sakafuni na watoto wale?

Zuhura: Nitafunika na ndoo, shangazi.

*Wiki tatu baadaye*

Zuhura: Mjomba, kioo kimekatika katikati. Ndoo haikuguswa.

Mjomba Hamisi: Basi poliyurethani. Tanua ufa kwa grainda yenye diski ya almasi, ondoa saruji yote iliyobaki, vuta vumbi kwa mashine. Usioshe kwa maji, inataka pakavu. Inakuja sehemu mbili za kuchanganya, A na B; zipime kama ilivyoandikwa kwenye kopo, na uchanganye kidogo kidogo. Mimi niliwahi kukoroga kopo zima la epoksi nikaenda kunywa chai, nikarudi linafuka moshi.

Shangazi Rukia: Ndiyo siku ile uliyosema umeunguza maharage??

Mjomba Hamisi: 🙈 Jaza ipite usawa wa sakafu kidogo, ikishika ukate kwa wembe mpana. Na usipake epoksi juu yake, itapasuka palepale.

Zuhura: Kwa hiyo mstari utaonekana?

Mjomba Hamisi: Utaonekana. Tafuta ya kijivu kama sakafu.

Idi: Silikoni ya kijivu ninayo…

Mjomba Hamisi: Idi.