Gitaa la kuchonga uso: ubao wenye ufa unafaa?

Wakuu, niko Tabora. Nachonga gitaa la uso wa mbinuko, lile la matundu mawili kama ya fidla. Mgongo ni mninga wa fremu kuukuu ya mlango, mkavu, ukiugonga unalia vizuri mno. Ubao wa uso ni paini, una ufa mrefu kama kidole uliofuata mistari ya mti. Niutupe?

— Usiutupe mkuu! Ufa wa hivyo unazibika. Penyeza gundi ya mbao, bana kwa klampu, halafu kwa ndani bandika vijibao vinavyoukatiza. Uko karibu na daraja, kile kijibao kinachobeba nyuzi? Hapo ndipo nyuzi zinapokandamiza.

— Gibson L-5 ya 1922, gitaa la aina hiyo hiyo, ilikuwa na uso wa sprusi, mti wa nchi za baridi. Kama paini yako ni laini zaidi, acha unene katikati.

— Shukrani wakuu. Ufa uko pembeni, upande wa besi, yaani wa nyuzi nene. Leo hii nabana.