Simbilisi madume wamegeuka simba nyumbani, tupeane uzoefu

MwanaTudor
Salaam wenzangu. Mie nina simbilisi wawili, hawa wengi mwawaita ginipigi, madume wote na tumbo moja. Niliwachukua wadogo kama viazi, wakila bakuli moja wakilala wamelaliana, hata mke wangu akasema watoto wetu wangejifunza kwa hawa. Sasa wametimu miezi mitano, juzi usiku twasikia kelele, nawasha taa wallahi manyoya sebule nzima na mmoja mdomo watoka damu. Nikatia mkono kuwaamua nikang'atwa mie kidole. Sasa hivi mmoja yuko bandani mwengine kwenye karai la kufulia. Waliofuga madume hebu semeni yaliyowafika nyinyi wenyewe, kidonda mlikitibu vipi na baadaye waliishi pamoja au ndio basi?

BibiKongowea
Pole mwanangu. Kidole kwanza, kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama sindano ya pepopunda ulidungwa zama za kale pita hospitali, usiseme ni kajinyama tu. Mimi mkono sitii tena, natumia kizoleo cha taka, nakipitisha katikati yao kama ukuta, au nawatupia taulo zito wakigutuka ndio namtoa mmoja.

Yangu yalikuwa hivi. Nilikuwa na madume watatu, na watatu ni balaa, wawili wakisikizana yule wa tatu hana wa kumtetea. Siku moja nikaona katobo karibu na makalio nikasema ah mkwaruzo huu utakauka, na kweli ukakauka, juu. Siku ya sita namshika naona kitu kigumu kama kunazi chini ya ngozi, kumbe jipu, ngozi iliwahi kujifunga usaha ukabaki ndani. Daktari wa mifugo akapasua akatoa usaha mzito, akakiacha kidonda wazi tukioshe mara mbili kwa siku na maji ya chumvi (kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa) ili kipone kuanzia ndani. Tangu hapo wakipigana nawapekua mwili mzima, napuliza manyoya yagawanyike nione ngozi, makalio, masikio, mdomo, na sehemu za siri msione haya.

KisauniKwetu
Jipu afadhali bibi. Mimi nzi. Banda langu lilikuwa uani chini ya mwembe, jamaa ana kidonda kidogo tu nikamwacha hukohuko, kesho yake jioni harufu, namgeuza naona funza wanatembea. Kwa joto letu la kaskazi yai la nzi halimalizi hata siku limeshakuwa funza. Nilitoa mmoja mmoja kwa kibano mpaka usiku wa manane na asubuhi daktari akatoa wengine ambao sikuwaona. Alipona, lakini sasa mwenye kidonda kwangu analala ndani, chandarua juu, chini kitambaa cheupe badala ya maranda, doa la damu au usaha laonekana mara moja.

Ukoka_na_Hoho
Langu mpaka leo laniuma kulisema. Nilienda duka la dawa nikaeleza mnyama kang'atwa, nikapewa amoksilini ya maji ya watoto, nikamnywesha kwa sirinji nikijiona daktari. Kidonda kikakauka vizuri kabisa, mwenyewe akaacha kula, akaharisha, siku ya nne hayupo. Baadaye ndio naambiwa dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni zaua bakteria wazuri wa tumbo lao, wabaya wakatawala na sumu yao ndiyo huua. Daktari wa sasa hutumia enrofloksasini au dawa za salfa, na kipimo anapiga kwa uzito, mnyama mwenyewe ni kilo moja kasoro au na kidogo, so beba uzito wake umeshaupima kwa mzani wa jikoni. Tafadhalini jamani, dawa iliyobaki kabatini ya mtoto msiwape.

FundiBanda
Nyinyi mwatibu vidonda, mie nauliza banda lina ukubwa gani. Madume wangu wawili nimewapa mita mbili kwa moja, sakafu tupu, ghorofa siihesabu. Kila kitu viwili, chupa mbili pembe mbili, bakuli mbili, na kijumba cha kujificha kina milango miwili, maana ugomvi mwingi nilioushuhudia ni mmoja kaingia ndani na mwenzake kaziba mlango, atatokea wapi sasa? Na jike asikae chumba hicho kabisa. Wangu walikaa mwaka mzima salama, jirani akasafiri akaniachia jike lake siku tatu tu, harufu hiyo ikaleta vita.

Mchokozi001
Si muwachome tu, huko Peru naskia ni kitoweo 😂

BibiKongowea
Wewe wa mishkaki pita kando.

LikoniFeri
Na ukiwahasi?

FundiBanda
Nilihasi mmoja, akaendelea kupigana vilevile. Kuhasi ni kama wataka kumweka na jike, na hapo wangoja kama wiki 6 kwanza mbegu zingalimo.

NyaliMama3
Mimi naomba nipinge kidogo, watu wanatenganisha haraka mno. Akinguruma kama simu iliyo vaibresheni akitikisa makalio, au akimpanda mwenzake, hizo ni siasa tu za nani mkubwa, na umri huo wa miezi 3 hadi mwaka na kitu ndio ubaleghe wenyewe. Nilitenganisha wangu kwa kelele tu, kuwarudisha ikawa kazi ya mwezi. Meno yakigongana tak tak tak, nywele za shingo zimesimama, vichwa juu wanatazamana, hapo ndio kizoleo. Damu ikitoka sina ubishi.

MwanaTudor
Nimerudi, ni wiki ya tatu. Nilipekua kama alivyosema bibi nikakuta matundu mawili zaidi makalioni ambayo nisingeyaona. Mdomo ndio ulionitesa, alikuwa hawezi kuuma kitu na daktari alinitisha kuwa hawa wakikaa nusu siku bila kula matumbo yaanza kusimama, so nikamsagia chakula chake na maji moto, sirinji kila saa tatu hata usiku. Na hoho nyekundu na sukuma kila siku, kumbe kama sisi hawatengenezi vitamini C mwilini na bila hiyo kidonda hakifungi. Amepona mdomo, jipu hakupata.

Nilijaribu kuwapatanisha sakafuni bafuni, pahala si pa yeyote, na rundo la ukoka katikati. Dakika kumi wanakula, ya kumi na moja tak tak tak. Nikachoka. FundiBanda kanigawia banda kwa wavu katikati, matundu madogo pua isipenye, waonana na kusikiana ila meno hayafiki. Wako kimya. Karai mke wangu amelichukua, kaliosha na jiki mara tatu na bado hafulii nguo zake humo.