Naomba ushauri: Kumwondoa waziri wa kaunti kupitia korti, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Wakazi wa Kisumu tunaandaa ombi la kikatiba ili gavana alazimishwe kumfuta waziri mmoja wa kaunti kwa msingi wa Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya, inayohusu uongozi na maadili. Haki ya kushtaki tunayo, vifungu vya 22 na 258 vya Katiba viko wazi.

Kigingi ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti: mwakilishi wadi anayeungwa mkono na thuluthi moja ya bunge la kaunti huleta hoja, kisha kamati ya watu watano huchunguza na kuripoti ndani ya siku 10. Upande wa pili utadai tumeruka ngazi hiyo ya bunge la kaunti, na pingamizi hilo limezika kesi nyingi nzuri. Isitoshe, amri ya kulazimisha hutolewa palipo na wajibu wa kisheria, si pale gavana ana hiari.

Je, tuombe tamko tu kwamba hafai kushika ofisi? Na tuwasilishe Mahakama Kuu au ya Ajira? Hati ya kiapo iko tayari, ila barua mbili za serikali ni nakala zisizoidhinishwa. Zitapita, au tuombe kwanza zilizopigwa muhuri?