Mrejesho: Binti yangu na tuzo za sanaa

Niliuliza hapa iwapo binti yangu wa darasa la 11 awasilishe michoro yake katika Scholastic Art & Writing Awards, mashindano ya Marekani yaliyoanza mwaka 1923, nami nawashukuru mliojibu. Tulifuata ushauri wa kupiga picha upya, kando ya dirisha, mchoro wake wa uso uliochorwa kwa mkaa, kwa kuwa mwanga wa taa ulikuwa umeufifisha weusi wote wa shavu, na mchoro huohuo ndio uliopata Silver Key ya mkoa, tuzo iliyo ngazi moja chini ya Gold Key. Tuzo hiyo haina pesa, na ni kazi za Gold Key pekee zinazopelekwa ngazi ya taifa. Mwakani, akiwa darasa la 12, atawasilisha mkusanyo mzima wa kazi zake.