Amplifaya ya Babu: gumzo la kikundi cha familia

Salim: Shikamooni wakubwa wote. Nimeitoa amplifaya ya Babu stoo, nimeipangusa, nimeiunga na kompyuta yangu kwa ajili ya usiku wa hina wa Rukia. Inawaka, ila sauti inakoroma. Besi imejaa, maneno hayasikiki.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Hiyo si ndiyo ilikuwa ikisikika mpaka nyumba ya nne? Usije ukaiunguza.

Rukia: Salim kaka nakuomba, kesho kutwa hiyo 😢

Mjomba Juma: Marahaba. Piga picha nyuma nione umechomeka wapi.

Salim: 📷 Picha

Mjomba Juma: Izime kwanza. Umechomeka PHONO.

Salim: Ndiyo mjomba, nilidhani ni pa simu na kompyuta.

Mjomba Juma: Hapana. Hapo ni pa kinanda cha santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Kwa hiyo humo ndani mna sakiti inayoukuza karibu mara 100, tena inaongeza besi, maana santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa. Kompyuta yako inaweza kutoa volti nzima! Ndiyo maana inakoroma. Hamishia AUX, tundu la vyombo vingine kama kompyuta.

Mjomba Juma: Pini nyekundu ni kulia, nyeupe kushoto. Upande wa kompyuta chomeka tundu la kijani, la nyuma. La waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti. Tundu la mbele nalo hutoa sauti, lakini waya wake hupita katikati ya vitu vingi humo ndani na huokota kelele.

Hassan: Mbona kuna pameandikwa SPEAKERS, asingeunga hapo tu?

Mjomba Juma: Hassan, usithubutu. Hapo umeme unatoka, hauingii. Mngeiua kadi ya sauti ya kompyuta.

Salim: Maneno yanasikika sasa!! Lakini kuna mvumo, mmmmm, hata nikisimamisha wimbo.

Mjomba Juma: Ukichomoa zile pini mbili nyuma ya amplifaya?

Salim: Unakatika.

Mjomba Juma: Basi amplifaya yenyewe ni nzima, haina kasoro. Umeme umevuta wapi?

Salim: Amplifaya soketi ya sebuleni. Kompyuta ekstensheni ya kutoka chumbani kwa Bibi.

Mjomba Juma: Ndiyo hiyo. Kompyuta ina ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, na hiyo amplifaya Babu mwenyewe aliifunga plagi ya pini 3. Ukiziunga kwa waya wa sauti, umeme unapata njia ya kuzunguka kutoka ethi ya sebuleni hadi ya chumbani. Huo mvumo ni hezi 50 za umeme wa ukutani. Ziweke zote ekstensheni moja.

Hassan: Huku mtaani wanavunja pini ya ethi, mvumo unaisha.

Mjomba Juma: Unaisha kweli. Lakini bodi ya hiyo amplifaya ni chuma. Siku waya wa moto ukigusa bodi, atakayekwenda kupunguza sauti ndiye atakayepigwa. Na watoto watakuwa wamejaa hapo. Ethi msiiguse! Mvumo ukigoma kabisa, kuna kijitransfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti, ulizeni maduka ya spea za redio.

Salim: Kimyaaa. Ekstensheni moja, mvumo hakuna.

Rukia: 🙏🏾🙏🏾 Mjomba Mungu akuweke.

Mjomba Juma: Amina. Salim, sauti ya kompyuta iweke kama 80 kwa 100, kisha kitufe kikubwa cha amplifaya upande nacho taratibu kutoka sifuri. Kila unapochomeka au kuchomoa, izime kwanza. Ule mlio wa "pah" ndio unaoumiza spika.

Hassan: Nimeshaazima spika mbili kwa jirani tuongeze.

Mjomba Juma: Mrudishie. Hiyo amplifaya imeandikwa omu 8, ndicho kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme; ikipungua, umeme unapita mwingi. Mkiunga spika nyingine za omu 8 sambamba na za Babu, zinashuka kuwa 4, itachemka kabla bibi harusi hajatoka.

Shangazi Mwanaidi: Niko barazani na Bibi, nimemsomea yote. Anasema Babu aliipangusa kila Ijumaa kwa kipande cha kanga yake. Anauliza kama hicho kipande bado kimo.

Salim: Kimo shangazi. Kilikuwa kimekunjwa juu yake. Ndicho nilichopangusia.

Shangazi Mwanaidi: Nimemwambia. Anataka umletee akione. Na zimeni sasa, adhana ya magharibi hiyo.