Ukarani wa polisi, kaunti au kampuni ya mizigo bandarini? Nisaidieni kulinganisha

BintiWaMajengo
Assalam aleikum wenzangu, na wote habari za leo. Nna diploma ya ukatibu na utunzaji wa kumbukumbu, umri miaka 27, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Miaka mitatu sasa najishikiza kwenye duka la fotokopi Mwembe Tayari. Mwezi huu milango mitatu imefunguka nusunusu kwa pamoja. Kuna tangazo la makarani raia wa polisi, yaani si sare wala bunduki, ni kukaa masijala. Kuna kazi ya mkataba kaunti, upande wa mapato. Na kuna kampuni ya kutoa mizigo bandarini ambayo mwenyewe huleta karatasi zake dukani kwetu. Huyo yuko tayari nianze hata Jumatatu.

Mshahara nimeshauliza, si hilo linalonitatiza. Linalonitatiza ni mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa kubeba mambo. Mwaka jana bodaboda aligongwa mbele ya duka, nikakaa wiki mbili siwezi kula nyama. Mamangu kusikia neno polisi tu akaweka kikombe chini: "Huko utasoma maiti kutwa." Kakangu naye asema kama ni polisi basi niende Kiganjo kabisa, chuo cha askari, nirudi na cheo. Nyinyi mlio ndani ya kazi hizi, mtu akizidiwa, nani humshika mkono?

Kilindini_Boy
Dada, kampuni. Pesa ya bandari ni ya leo, ya serikali ni ya mwisho wa mwezi, na huo mwezi wenyewe hujui utaisha lini 😂

MzeeTononoka
Wewe kijana, 2019 ulikuwa wapi? Makontena yaliposukumwa yote kwa reli hadi Nairobi, nani aliachwa na funguo za ofisi mkononi? Ni hao hao wa kampuni za mizigo, na wenye malori, na mama wa mahamri wa pale getini. Amri ya kurudisha kazi Mombasa ilikuja Septemba 2022. Miaka mitatu mtu anaishi kwa kukopa. Binti, kampuni ya watu tisa ikipata mafua, wewe ndiye unayepiga chafya. Lakini sikwambii usiende. Nakwambia uliza mkataba ni wa miezi mingapi.

MamaTaipu
Mwanangu, mimi nilikuwa karani raia wa polisi tangu 1988 hadi nilipotimiza miaka 60 nikastaafu. Kituo sikitaji.

Watu wakisikia polisi hufikiri rungu na pingu. Kumbe nyuma ya kaunta kuna mhasibu, kuna fundi wa magari, mpishi wa mesi, karani wa masijala, afisa wa wafanyakazi, na siku hizi vijana wa kompyuta. Hatukamati mtu, hatulindi lango. Saa kumi na moja unachukua mkoba wako unakwenda zako, wakati askari ndiyo kwanza anaambiwa likizo yake imefutwa. Kwa hilo tu kakako amekosea. Cheo na utulivu havikai chumba kimoja.

Lakini mamako hajakosea. Askari anaandika maelezo ya shahidi kwa mkono, mwandiko kama kuku amechakura. Faili inaletwa kwako uchape. Huwezi kuruka mstari. Kesi ya mtoto aliyenajisiwa utaisoma neno kwa neno, kisha utaisoma tena kuhakiki, na ukikosea jina utaisoma mara ya tatu. Mpelelezi keshatoka zamani kwenda kunywa chai.

Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipozama walikufa watu 272. Nilikuwa na taipureta ya chuma ambayo kitufe cha "a" kilikuwa kinakwama, na majina ya watu wetu yamejaa herufi hiyo. Kila jina nanyanyua kitufe kwa ukucha mara mbili, mara tatu, ndipo niende mbele. Waliokuwa majini walipewa pole. Sisi wa ndani tulihesabiwa kuwa tulikuwa tumekaa kivulini. Kwa miaka kama mitano nikivuka Likoni nilikuwa nasimama katikati ya feri, natazama viatu vya watu.

Siku hizi si kama zamani, Tume ya Huduma ya Polisi ina kitengo chake cha ushauri nasaha. Ila kuwepo kitengo ni jambo moja, na karani wa masijala kukumbukwa siku ya kuitwa ni jingine. Hilo ndilo la kuuliza.

Kilindini_Boy
Mama, hiyo ya ukucha imenikaa rohoni. Shikamoo.

SajiniLikizo
Niko kazini bado kwa hiyo nitasema kwa kipimo.

Kati ya askari na raia kuna tofauti moja ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Askari akisema "silali usiku", neno hilo lina gharama. Bunduki inaweza kurudishwa ghalani, na mtu akionekana hana bunduki kituo kizima kinajua pana jambo. Ni hatua ya usalama, siilaumu. Lakini matokeo yake wengi wetu tunanyamaza, tunasema ni malaria. Karani hana bunduki ya kunyang'anywa. Akienda kwa mshauri Jumanne, Jumatano yuko kwenye dawati lake, faili ni zile zile. Kwa mtu wa kubeba mambo kama wewe, hiyo si nafasi ndogo.

Jambo la pili ni chama. Sisi hatuna chama cha wafanyakazi. Watumishi raia wa serikali wana chama chao, UKCS.

La tatu, jopo la Jaji Mkuu mstaafu Maraga lilitoa ripoti Novemba 2023, kuhusu polisi, magereza na NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa. Afya ya akili imo. Barazani tulichojadili ni mishahara tu, mimi nikiwemo.

Yakhe_wa_Kibokoni
Ati mshauri nasaha! Sisi wa Pwani tuna ustadh, tuna baraza, tuna kahawa chungu. Mtu unakwenda kumlipa mgeni umwambie shida zako?

NasahaTudor
Yakhe, na ustadh akiwa shemeji wa mkuu wako je? 😄

Mimi ni mshauri nasaha, si wa polisi. Sidharau baraza, kuna waliookolewa na kahawa. Ila baraza halitunzi siri, na wewe unalijua hilo kwa sababu ndiko unakopata habari zako zote.

BintiWaMajengo, linganisha hivi. Mshauri wa ndani ya kazi ni bure na anaijua kazi. Huhitaji kumweleza masijala ni nini. Kasoro yake ni mlango. Ikiwa chumba chake kinatazamana na ofisi ya mkuu, hakuna atakayeingia. Msaada wa nje kupitia bima una faragha zaidi, lakini bima nyingine hulipa daktari na dawa, na mazungumzo ya saa nzima zinayaona anasa. Uliza kwa jina: je, ushauri nasaha umo, na ni vikao vingapi kwa mwaka? Kampuni ndogo ya bandarini, nakuhakikishia jibu litakuwa wanakukata 2.75 kwa mia ya SHA, bima ya afya ya serikali, basi. Imamu au kasisi wa kazini ni wa tatu, na mara nyingi ndiye anayefikiwa kwanza kwa kuwa kumwendea hakuulizwi sababu.

Popote utakapokwenda, muulize mshauri kama amesajiliwa. Sheria ya washauri na wanasaikolojia ipo tangu 2014. Na uliza maandishi yake yanawekwa wapi. Yasiwe kwenye faili lako la kazi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaihesabu habari ya afya yako kuwa nyeti, si ya kupitishwa mkono kwa mkono na makarani wenzako.

Jingine nalisema kwa sababu pahala penyewe ni polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu. Fikiria mtu anayefanya kazi kituoni aende akamwambie mwajiri wake kuwa amewaza hivyo! Ni kama kujipeleka rumande. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu ya zamani haijatoka kwa watu kwa hukumu moja, lakini angalau mlango haufunguki tena kuelekea seli.

KaratasiZaKaunti
Niseme na mimi kidogo upande wa kaunti, isionekane tumekimbia. Kazi ni ya kistaarabu, faili zetu hazina damu. Watu wanakuja kulipia leseni, wanatutukana, wanakwenda. Chama tunacho. Tatizo ni pesa kutoka Hazina zikichelewa, kaunti nyingi nchini mshahara nao unachelewa, na msongo wa mtu ambaye mwenye nyumba anamgongea mlango si mdogo kuliko wa kusoma maelezo ya kesi. Halafu wewe wasema ni mkataba. Mkataba hauna pensheni.

Ukipata ya kudumu serikali kuu, tangu Januari 2021 kuna mfuko wa kuchangia: unakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaweka 15. Askari yumo, raia yumo.

MzeeTononoka
Nyongeza: soma tangazo vizuri uone mwajiri ni nani, Tume ya Polisi au wizara. Mnaweza kukaa dawati moja, lakini siku ya uhamisho au ya nidhamu kila mmoja anaitwa na mtu wake. Na akitokea wa kukwambia "nipe kitu kidogo jina lipite", mpe mgongo.

BintiWaMajengo
Nimewasoma wote, mara mbili. Asanteni. Mama Taipu, nimemsomea mamangu ujumbe wako kwa sauti. Alikuwa akipepeta mchele, akaacha. Kumbe yeye na marehemu babangu walikuwa wavuke na feri ile siku hiyo, wakachelewa. Miaka yote hii hakuwahi kutuambia.

Jana nilimpigia yule wa kampuni nikamuuliza kuhusu bima na ushauri nasaha. Akacheka, akasema kwake ukichoka unapumzika Jumapili. Hajakosa adabu, ni mtu mzuri, ila nimepata jibu. Kaunti nimewaandikia kuuliza kama mkataba unaweza kugeuka wa kudumu, wamekaa kimya.

Polisi nimepeleka maombi. Nikiitwa mahojiano, watakapofika pale pa "una swali lolote?" nitauliza masijala nao huitwa kwa mshauri baada ya tukio kubwa, au ni askari peke yao.

MamaTaipu
Uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Na uwatazame wanavyotazamana.

Kilindini_Boy
Ile nafasi ya kampuni sasa iko wazi? Nauliza tu 🙈

BintiWaMajengo
Iko wazi, nitakutumia ujumbe faraghani. Mimi saa hii niko foleni ya alama za vidole kwa ajili ya cheti cha maadili mema, 1,050 nimeshalipa. Aliye mbele yangu ametoka na vidole vyeusi anauliza kama pana sabuni.