MREJESHO: Binti yangu wa miaka 16 amepata kazi ya kwanza

Habari zenu wakuu. Niliwaomba ushauri jinsi ya kumsaidia binti yangu apate kazi ya likizo, hana uzoefu na ni mwenye haya. Amepata! Yuko duka la vifaa vya shule, anapanga mali na kuhudumia wateja, asubuhi tu.

Barua za maombi tulizotuma hazikujibiwa hata moja. Kilichozaa matunda ni ule ushauri wa kwenda mwenyewe dukani saa ambazo wateja ni wachache, aombe kuonana na msimamizi, mimi nibaki nje. Na aliyesema tuandike kwenye wasifu kwamba alikuwa mweka hazina wa darasa, Mungu akubariki. Msimamizi aliishia hapohapo: "Hela zikipungua ulikuwa unafanyaje?" Akaeleza daftari lake, nani kalipa, nani bado, na sahihi za wenzake. Haya zote zikamtoka.

Aliyegusia umri pia alinisaidia sana. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1973 unataka kazi za hatari zisubiri miaka 18, hivyo nafasi ya karakana yenye mashine za kukatia tuliikataa, ingawa malipo yalikuwa mazuri. Angalieni na sheria ya nchi yenu.

Kuongea na wateja kwa simu bado kunamshinda, mazoezi ya nyumbani hayajasaidia. Mwenye mbinu anipe. Asanteni sana, kwa moyo wote.